Gari la Zamani Likijaa Petroli na Kumisi, Anza na Cheche

Malalamiko ni yale yale kila mvua za Novemba zinapoanza kushika. Land Rover iliyolala nje inapigwa stata asubuhi, inakohoa mara mbili, inanuka petroli, kisha inakataa kabisa. Ikikubali, inatoa moshi mweusi na kumisi njia nzima kutoka Kabanga hadi Kasulu mjini, mkoani Kigoma. Linapofikishwa gereji, kitu cha kwanza kufunguliwa ni kabureta. Inalowekwa, inapulizwa upepo, inafungwa. Gari linawaka siku hiyo, mwenyewe analipa na kushukuru. Wiki haijaisha, tatizo limerudi.

Nataka tubadilishe mpangilio huo. Gari la kabureta likijaa petroli na kumisi, anza na umeme wa kuchoma, malizia na mafuta. Siandiki hivi kwa sababu kabureta haziharibiki. Zinaharibika, na nitazifikia. Ila cheche dhaifu huzaa dalili zote za kabureta mbovu, na kupima cheche hakuchukui hata robo saa. Kabureta ukishaifungua bila sababu, umeongeza uwezekano wa kasoro mpya: gasketi iliyochanika, jeti iliyokwaruzwa na waya, skrubu iliyobaki mkononi.

Magari ninayoyazungumzia ni yale yenye kabureta na pointi: Land Rover Series III, zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, hasa zile za injini ya petroli ya lita 2.25, Land Cruiser za FJ40 na FJ45, Peugeot 404 na 504, na Datsun ndogo. Ukanda huu wa Kasulu na Kibondo bado unayategemea, na si kwa ajili ya maonyesho. Yanabeba maharage kutoka vijijini, yanabeba mahindi, na usiku yanabeba mgonjwa kwenda hospitali ya Kabanga. Gari la namna hiyo lisipowaka, kuna mtu anateseka.

Tuelewe kwanza kwa nini kujaa na kumisi vinakwenda pamoja. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Cheche ikiwa dhaifu, mchanganyiko unaingia kwenye silinda, unabanwa, lakini hauungui. Petroli inabaki imelowanisha ncha ya plagi. Plagi iliyolowa inapitisha umeme pembeni, kwenye unyevu na masizi, badala ya kurusha cheche katikati. Mzunguko unaofuata unaleta petroli nyingine juu ya ile ya kwanza. Baada ya sekunde chache za stata, plagi zote zimelowa, harufu imejaa kwenye boneti, na kila aliyesimama pale anatamka neno moja: kabureta. Kumbe kabureta ilileta kiasi kile kile inacholeta siku zote. Kilichokosekana ni moto.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuliondoa gari kwenye hali hiyo bila kuliumiza. Acha kukanyagakanyaga mafuta. Kabureta nyingi zina pampu ndogo ndani inayorusha petroli kila unapokanyaga, na ukikanyaga mara kumi umerusha mara kumi. Sukuma choki ndani hadi mwisho. Kanyaga mafuta hadi chini kabisa, ushikilie hapo bila kuachia, kisha piga stata kwa sekunde zisizozidi kumi. Hewa nyingi itaingia na kukausha silinda. Pumzisha stata dakika moja, rudia. Likiwaka litatoa moshi mweusi na kutetemeka. Achia mguu polepole.

Likikataa mara tatu, acha. Betri inakwisha na stata inaungua. Fungua plagi zote, na hapa ndipo uchunguzi wenyewe unapoanza. Nakusihi jambo moja: usizichanganye. Zipange juu ya kitambaa kufuata silinda, ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sababu kila plagi ina habari za nyumba yake. Ikiwa ncha ina rangi ya kahawia iliyokaribia kijivu, silinda hiyo inaungua vizuri. Ikiwa nyeusi na kavu, yenye masizi yanayofutika kwa kidole, mafuta yamezidi hewa, au dereva amesahau choki nje. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, humo moto haukuwaka. Ikiwa nyeusi, inang'aa na inateleza, hiyo ni oili, na tatizo liko kwenye ringi au valvu. Nyeupe kama chokaa ina maana joto limezidi, hewa ni nyingi kuliko mafuta.

Sasa linganisha. Zote zikiwa nyeusi kwa usawa, kosa liko mahali pa pamoja: kabureta, choki, chujio la hewa, koili. Moja tu ikiwa imelowa na nyingine ni kahawia, usiguse kabureta. Kabureta moja inalisha silinda zote. Haiwezi kuichukia namba tatu peke yake. Kosa liko kwenye plagi hiyo, waya wake, mahali waya unapoingia kwenye kofia ya distibyuta, au ndani ya silinda yenyewe. Kipimo hiki kingewaokolea wenye magari fedha nyingi, na hakihitaji kifaa chochote zaidi ya spana ya plagi.

Kausha plagi kwa kitambaa na brashi ya waya laini. Wapo wanaozichoma kwenye jiko la mkaa hadi ziwe nyekundu. Kaure ya ndani hupata nyufa usizoziona, na plagi hiyo itakusumbua ukiwa mlimani. Pima nafasi ya ncha. Kwa Land Rover ya lita 2.25 ni milimita 0.75 hadi 0.80.

Kisha pima cheche, ukiwa mbali na petroli iliyomwagika. Chomeka plagi kwenye waya wake, ilaze ili chuma chake kiguse injini, na mwenzako apige stata. Cheche nzuri ni ya buluu, nene, na unaisikia ikipasuka. Cheche ya njano, nyembamba, inayokatika, haitoshi, hata kama unaiona kwa macho. Hapa wengi hudanganyika. Wanasema moto upo. Upo, lakini plagi iliyoko nje inaruka kwenye hewa ya kawaida. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na cheche inahitaji nguvu kubwa zaidi kuvuka nafasi ile ile.

Ukikuta cheche dhaifu, fuata njia ya umeme kutoka mwanzo. Betri iliyochoka inaweza kuzungusha stata na bado ikainyima koili umeme wa kutosha wakati huo huo. Gari likisukumwa linawaka, likipigwa stata linajaa: hiyo ni dalili ya betri au ethi mbovu. Safisha ncha za betri na waya mnene unaofungwa kwenye chasi. Kutu ya mahali hapo inatesa watu miaka.

Fungua kofia ya distibyuta. Ifute, iangalie kwenye mwanga wa jua, ndani na nje. Unatafuta mstari mwembamba mweusi, mithili ya unywele, unaotoka kwenye tundu moja kwenda jingine. Huo ni ufa uliochomwa na umeme, na asubuhi yenye unyevu umeme hupita humo badala ya kwenda kwenye plagi. Kofia yenye mstari huo haifai tena, hata ukiikwangua. Kitufe cha kaboni katikati kiwe kinasukumika na kurudi. Rota isiwe na ufa wala alama ya kuungua.

Halafu pointi. Ndani ya distibyuta kuna vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, na afya ya gari zima imesimama juu yake. Viangalie nyuso. Vikiwa vya kijivu na tambarare, ni vizima. Kimoja kikiwa na kishimo na kingine kichuguu, kondensa imechoka. Badilisha pointi na kondensa pamoja, kwani pointi mpya kwenye kondensa mbovu hazidumu. Nafasi ya pointi zinapoachana kabisa ni milimita 0.35 hadi 0.40 kwa Land Rover hizi. Pima kwa fila geji. Najua mafundi wanaotumia kipande cha karatasi ya boksi la kiberiti, na barabarani usiku hiyo inakufikisha nyumbani. Lakini ukifika, pima upya, kwa sababu nafasi ya pointi ikibadilika, taimingi nayo inabadilika. Weka grisi kidogo, punje tu, kwenye kishikizo cha plastiki kinachosuguana na shafti ya distibyuta. Kikilika, nafasi inajifunga yenyewe na cheche inapotea polepole bila wewe kujua.

Waya za plagi zina mtihani wake mzuri sana, na Kabanga ni mahali pake kwa sababu giza letu ni giza kweli. Usiku usio na mbalamwezi, washa injini, fungua boneti, zima taa zote. Waya unaovuja utauona: vimulimuli vya buluu vinatambaa juu yake au vinarukia chuma. Ukitaka kuwa na hakika zaidi, nyunyiza ukungu mdogo wa maji juu ya waya. Mikono yako iwe mbali. Umeme wa koili hauchezewi, na kwa mwenye matatizo ya moyo ni hatari.

Kuna swali moja la kumuuliza dereva kabla ya yote haya, na jibu lake linafupisha safari: linamisi lini? Likimisi baada ya kupata moto tu, na likipoa linapona, shika koili kwa tahadhari. Ikiwa inaunguza mkono, mshukiwa ni yeye au kondensa. Likimisi kwenye kilima likiwa na mzigo, plagi na waya ndizo za kwanza, kisha upungufu wa mafuta. Likimisi sailensa tu, gari limesimama, na likikimbia linatulia, tafuta hewa inayoingia kwa siri kwenye gasketi ya manifoldi au mpira wa vakyumu uliopasuka. Likimisi mvua ikinyesha tu, rudi kwenye kofia.

Umeme ukiwa mzima na plagi bado zinakuwa nyeusi, sasa una haki ya kuigeukia kabureta. Hata hapo, anza nje. Waya wa choki ukiwa na kutu, kitufe kinarudi ndani lakini kilango hakifunguki; dereva anaamini choki imezimwa, injini inaendelea kunyweshwa. Fungua uone kwa macho. Kisha chujio la hewa. Kiangazi cha Juni hadi Septemba, vumbi jekundu la barabara zetu za changarawe linajaza chujio hilo lenye oili hadi oili inakuwa tope. Injini ikikosa hewa, inavuta petroli zaidi. Osha kwa mafuta ya taa, weka oili mpya hadi kwenye alama, usizidishe. Oili iliyozidi inafyonzwa na injini na kuchafua plagi.

Ndani ya kabureta, chanzo kikuu cha kujaa ni boya na sindano yake. Petroli ikifika kimo chake, boya linapanda na kusukuma sindano izibe. Punje moja ya kutu ikikaa hapo, sindano haizibi, na petroli inaendelea kupanda hadi inamwagikia kwenye koo la kabureta. Ithibitishe hivi: zima injini, ondoa bomba la hewa, chungulia ndani kwa tochi. Tochi, si kiberiti. Ukiona petroli inadondoka ilhali injini imesimama, umempata mkosaji. Wakati mwingine kugongagonga taratibu kando ya bakuli kwa mpini wa bisibisi kunaitoa punje hiyo na unafika nyumbani. Boya likiwa la shaba, litikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ikicheza ndani, limetoboka. Litumbukize kwenye maji ya moto na utaona mapovu yanatokea wapi.

Wenye Land Cruiser wamepewa neema: kabureta nyingi za Aisin zina kidirisha cha kioo kwenye bakuli, na kimo cha petroli kinaonekana bila kufungua kitu. Kiwe katikati ya kioo. Wenye Land Rover yenye kabureta ya Zenith 36IV wana ugonjwa wao wa pekee. Kifuniko chake hupinda kwa sababu ya joto na kukazwa mno, petroli inapita katikati ya vipande viwili, na hakuna skrubu itakayoirekebisha sailensa. Toa kifuniko, kiweke juu ya kioo tambarare. Kikicheza, kisugue taratibu kwenye msasa laini uliolazwa juu ya kioo hicho hicho hadi kilale sawa, na ubadilishe ile ringi ndogo ya mpira ya katikati. Nimeona kabureta za aina hii zikitupwa kwa kosa hilo tu, na inauma.

Sasa jambo ambalo mafundi wa pwani hawaliwazi na sisi wa juu tunapaswa kuliwaza. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Kasulu na Kabanga ziko juu zaidi, kupita mita 1,200. Kwa kimo hicho hewa imepungua uzito kwa zaidi ya asilimia kumi ukilinganisha na Dar es Salaam. Jeti za kabureta hazijui hilo. Gari lililosetiwa Dar likipandishwa huku linachoma mafuta mengi kuliko hewa, hata kama halina ubovu wowote, na plagi zake zitakuwa nyeusi. Dawa yake ni kuiseti skrubu ya mchanganyiko hapa hapa, injini ikiwa imepata moto, na ikibidi kuweka jeti kuu ndogo kidogo. Gari likishuka kuishi Kigoma mjini au pwani, jeti irudishwe, la sivyo litaungua valvu. Ni akili ya kawaida kwa kila anayeendesha kabureta katika nchi zenye miinuko.

Petroli yenyewe nayo ihojiwe. Petroli ya kwenye madumu na chupa za kando ya barabara inatusaidia, siikatai, lakini ichuje kwa kitambaa kisafi na uiache itulie. Maji hukaa chini kwa sababu ni mazito, na yakiingia kwenye bakuli gari linamisi kwa vipindi, halitabiriki. Mafuta ya taa yaliyochanganywa ni mabaya zaidi: hayaungui kwa urahisi injini ikiwa baridi, na yanaacha masizi. Tatizo hilo liliwahi kuwa kubwa nchini hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka alama maalumu kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Ukiwa na shaka, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe juani: petroli safi hukauka haraka bila kuacha mafuta.

Wapo wanaolaumu kukosekana kwa risasi kwenye petroli, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa kufikia mwanzoni mwa 2006. Risasi ilisaidia kulinda viti vya valvu na kuzuia injini kugonga. Haikuwahi kuzuia gari kujaa.

Baada ya kujaa mara nyingi, chomoa kijiti cha oili na ukinuse. Petroli ambayo haikuungua huteremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili, na kuingia kwenye sampu. Oili ikinuka petroli au imepanda kupita alama, ibadilishe kabla ya safari. Vinginevyo utaua bearing kwa kosa la plagi. Kwenye Land Rover chunguza pia pampu ya mafuta iliyo ubavuni mwa injini, maana mpira wake wa ndani ukichanika, petroli inakwenda moja kwa moja kwenye oili.

Vipuri ni vita yenyewe. Rota na kondensa za kopi zinakuja na boksi zuri na kufa ndani ya mwezi. Unapoagiza Kariakoo au Ilala, Dar es Salaam, tuma namba ya kipuri pamoja na picha ya kile cha zamani, na usitupe cha zamani hadi kipya kimethibitika. Mara nyingi kofia ya asili iliyosafishwa ni bora kuliko mpya ya bei rahisi. Haya magari yana thamani. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha kwenye tamasha lao, na kati yake zilikuwemo kuukuu zilizofika kwa magurudumu yake. Zile zimeishi kwa sababu kuna watu wanaopima kabla ya kubadilisha.

Ikiwa umefuata yote haya, cheche ni ya buluu, waya ni mzima, plagi ni mpya, na silinda moja bado imekufa, weka tapeti za Land Rover kwenye milimita 0.25 na pima kompresheni. Silinda iliyo chini sana kuliko wenzake ina valvu iliyoungua, ringi iliyochoka au gasketi ya kichwa iliyopasuka. Hiyo ni kazi ya kufungua kichwa cha injini, itakugharimu, na inahitaji fundi mwenye vifaa na subira. Mtu akikuambia wakati huo ununue kabureta mpya, lichukue gari lako upeleke kwa mwingine.